Karatasi Nilizomficha Mume Wangu

Bwana asifiwe sana! Mwangaluka, ndugu zangu. Mimi Mama Neema mnanijua kwa kuimba. Leo mnijue kwa wivu.

Mume wangu ni mchimbaji. Anakaa machimboni upande wa Geita wiki tatu, anarudi kwetu Nyahanga siku nne. Mwaka jana nilianza kuwashwa na kutokwa uchafu wenye harufu. Zahanati wakanipima, wakasema nina trikomona, vimelea vya zinaa. Nikapewa vidonge, na karatasi ya kumwita mwenzangu ili tutibiwe pamoja.

Ndugu zangu, ile karatasi sikumpa! Niliificha ndani ya Biblia. Nilisema moyoni, akitibiwa atapona, na ushahidi utapotea. Nilitaka kwanza nimkamate na huyo Mama Kulwa anayewapikia ugali kule. Kila akipiga simu anamtaja: Mama Kulwa kapika dagaa, Mama Kulwa kanishonea kifungo. Kifungo! Kwani mimi sina sindano?

Nikapona. Akarudi, ugonjwa ukarudi. Nikapewa karatasi ya pili, halafu ya tatu, zote nikaficha. Na sikumnyima unyumba, niliogopa akikosa kwangu atapata kule.

Siku moja nikapanda basi, nikaenda moja kwa moja hadi kwenye duara, lile shimo lao. Kule wanaamini mwanamke akilisogelea dhahabu inakimbia. Wanaume wakapiga kelele, kazi ikasimama, mume wangu akavutwa juu kwa kamba, vumbi mwili mzima. Nikamwaga yote mbele za watu, hadi ugonjwa wangu. Mama Kulwa akaja na mwiko mkononi. Mama mtu mzima, kichwa kizima mvi, wa kumwamkia shikamoo!

Mume wangu aliuliza neno moja tu: "Mama Neema, karatasi tatu umekaa nazo? Mimi siumwi popote, ningejuaje?"

Mama Kulwa akanishika mkono, akaniketisha, akanipa uji. Nikaunywa huku nalia, na ulikuwa mtamu, jambo lililoniuma zaidi.

Tukarudi wote zahanati. Nesi akatueleza kwamba mwanaume anaweza kukaa na vimelea hivi muda mrefu bila dalili, na hakuna kipimo cha kuonyesha vilitoka kwa nani. Ndugu zangu, nilitaka jina! Mungu hakunipa jina, alinipa uponyaji. Tukatibiwa pamoja, tukalala mbalimbali mpaka nesi aliporuhusu, nikapimwa tena: safi! Haleluya!

Dada yangu mwenye karatasi kwenye mkoba, mpe mwenzio leo. Meza dawa, na upelelezi mwachie Yesu. Anaweza!

Wivu wangu Yesu bado anaushughulikia, niombeeni. Mume wangu yule pale benchi la nyuma, shati la bluu. Kile kifungo nimekikata, nikakishona upya mwenyewe. Amina!