Historia ya Baba Yetu, Mhudumu Aliyesubiri Kuitwa

Ndugu zetu, majirani zetu, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, ambao naona mmesimama kule nyuma ingawa viti bado vipo, naomba mnivumilie kwa dakika chache, mimi ni binti yake wa kwanza, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu tangu alipozaliwa hadi alipotutoka. Karatasi hii imeandikwa na shangazi, ambaye hakubali tarehe hata moja ipotee, na baba mdogo ameniomba nisome kilichoandikwa tu, nisianze kuleta maneno yangu, lakini wote wawili wananijua, hivyo pale karatasi iliponyamaza nitasema mwenyewe, na lawama nitazibeba mwenyewe.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1947, katika chumba cha pili cha nyumba ya kupanga iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba mchoma mikate na mama mshona magunia. Shangazi anasema hakulia alipozaliwa, mkunga akaingiwa na hofu, kumbe mtoto ni mzima, amefumbua macho anawatazama tu watu. Tabia hiyo ya kutazama bila kusema hakuiacha.

Alianza shule ya msingi Januari 1955, akamaliza darasa la nane Novemba 1962 akiwa na alama nzuri sana za jiografia, lakini babu alikuwa amefariki mwezi wa tano mwaka huohuo, ada ya kuendelea haikupatikana, na kwa miaka minne baba alikaa nyumbani akimsaidia bibi kushona magunia. Ramani alizochora shuleni kwa penseli za rangi bibi alizibandika ukutani, zikakaa pale mpaka zikafifia kabisa.

Tarehe 3 Oktoba 1966 alipata kazi ya kufuta meza katika kantini ya stesheni ya treni, na hapo ndipo alipopewa jina la Kitambaa, kwa sababu kitambaa cheupe hakikutoka mkononi mwake hata akiwa anakwenda nyumbani. Mwaka 1969 alichukuliwa na hoteli kubwa ya mjini, akafundishwa kubeba sahani nne kwa mkono mmoja, kuhudumia bila kumgusa mteja bega, na kupokea bakshishi bila kuitazama, maana mhudumu anayetazama alichopewa, alituambia, amekwisha kujishusha. Hakuwa mtu wa mzaha na kazi yake, na wenzake waliokuwa wakivizia meza za wateja wenye mikono mikunjufu walimwachia zile za wenye mikono ya birika, akazihudumia vilevile.

Katika hoteli hiyo alikutana na mama yetu, aliyekuwa mpokeaji simu, wakafunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Julai 1972, wakajaliwa watoto watatu, mimi niliyezaliwa tarehe 2 Desemba 1973, mdogo wangu wa kiume aliyezaliwa mwaka 1980, ambaye ni fundi wa lifti, na kitinda mimba wetu wa mwaka 1987, anayefundisha chekechea. Mkizipanga tarehe hizi na zile za safari za baba, mtaona kwamba kila mmoja wetu alizaliwa baba akiwa nyumbani na akajifunza kutembea baba akiwa mbali.

Februari 1974 alisafiri kwa mkataba kwenda nchi ya kwanza, akafanya kazi huko hadi Desemba 1979. Kwa jinsi alivyomwandikia mama, mshahara wa huko ulikuwa wa jina tu, mhudumu aliishi kwa kile ambacho mteja anaacha chini ya sahani, kwa hiyo ilimbidi apite mezani kila baada ya muda mfupi, aulize kama chakula kinawapendeza, acheke hata mteja aliposema jambo lisilochekesha, na barua moja ambayo bado ninayo inasema mashavu yanamuuma kuliko miguu. Hata hivyo alikiri kwamba fedha ile chini ya sahani ilikuwa na lugha yake, mteja aliyeridhika kweli alikuwa anaikunja vizuri na kuiacha bila kusema kitu, na baba alisema hajawahi kupewa asante iliyo safi kuliko ile.

Machi 1981 alikwenda nchi ya pili, akakaa hadi Agosti 1986. Huko mteja haachi kitu mezani, na akiacha ni kama amekutukana, amekwambia huwezi kufanya kazi yako kwa moyo mpaka uhongwe, na siku moja msafiri mgeni alipoacha noti, meneja alimwamuru baba amfuate, akakimbia mitaa mitatu na aproni yake kiunoni, akamrudishia kwa mikono miwili na kumwomba radhi. Alitusimulia kisa hicho mara nyingi, na kila mara alikimaliza kwa kusema kwamba huduma ya nchi ile iliwashinda wote, chai ilikuwa inaletwa kabla hujajua una kiu.

Nchi ya tatu, ambako aliishi kuanzia Januari 1988 hadi Mei 1995, ndiyo iliyotuchukulia baba, na hapa shangazi ameandika mstari mmoja tu, nami nitauongeza. Huko malipo ya huduma yameshaandikwa kwenye bili, mhudumu halazimiki kumchekea mtu, na mhudumu bora ni yule asiyeonekana, anayesimama kando ya ukuta mikono nyuma, anaona kila kitu, lakini hasogei mpaka mteja ainue macho na kumwita. Kumfuata mteja kabla hajakuita ni kumbughudhi, kumletea bili kabla hajaiomba ni kumfukuza, na mtu anaweza kukaa na kikombe kimoja tangu mchana mpaka giza likaingia, asiulizwe na yeyote. Baba aliipenda desturi hiyo kuliko zote, alisema ni nchi pekee iliyomruhusu kunyamaza, akaifanyia kazi miaka saba, akarudi nayo.

Alirudi tarehe 14 Mei 1995, akaajiriwa tena katika hoteli yake ya zamani, na sisi tukampokea mtu aliyekuwa akisimama mlangoni mwa sebule yake mwenyewe mpaka aambiwe aketi. Hakuingia vyumbani mwetu, hakuuliza matokeo yetu ya mitihani, hakuja kwenye mahafali ya mdogo wangu kwa kuwa hakuna aliyemwambia njoo, na tulipomlaumu alishangaa kabisa, akasema hakutaka kutusumbua. Mama alilichukulia kwa kicheko, akasema ameolewa na mtu anayengoja kengele, na kwa kuwa yeye maisha yake yote alikuwa mtu wa simu hakuona tabu kumwita, baba watoto njoo ukae hapa, baba watoto njoo umwone mwanao kavaa suti. Mama alipolazwa hospitalini Septemba 2004, baba alikaa kwenye benchi la ukumbini siku mbili bila kuvuka mlango wa wodi, tukamwona hana moyo, hadi mama aliposema, "Mwiteni baba yenu, yule haingii bila kuitwa," tukamwita, akaingia mbio. Mama alifariki tarehe 19 mwezi huohuo, na baada ya hapo hakuna kati yetu aliyekumbuka kumwita.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2007, akahamia katika chumba kimoja juu ya duka la rangi, chenye kitanda, kiti na kabati la mashati meupe, akawa anakula amesimama dirishani, kwa sababu wahudumu hula wamesimama, kwenye ujia wa jikoni, kati ya meza moja na nyingine. Kuhusu miaka inayofuata karatasi inasema hivi, "Aliishi kwa utulivu akifurahia mapumziko yake." Shangazi nisamehe, mstari huo si wa kweli, na aliyeufanya usiwe wa kweli ni mimi.

Jumapili, tarehe 14 Juni 2009, nilimwalika baba chakula cha mchana nyumbani kwangu, kwa mara ya kwanza tangu mama afariki. Alikuja na koti na tai, akaketi nilipomwonyesha, nikampakulia, nikamwongezea bila kumuuliza, nikamletea maji ya kunawa, akala taratibu, akanishukuru, akaaga, na nilipoondoa sahani yake nikakuta chini yake noti mbili zilizokunjwa vizuri. Nawaomba mnielewe, unga wa mume wangu ulikuwa umemwagika tangu mwezi wa nne, kodi ya nyumba ilikuwa inatusumbua, nami nikaona baba amekuja kula kwangu kama mgahawani na kunilipa kama mtumishi, mbele ya mume wangu. Nilipandwa na hasira, nikatoka na kanga ya jikoni, nikamkuta kwenye kona ya fundi viatu, nikamsindilia zile noti mfukoni huku watu wanatazama, nikamwambia, "Hapa si hotelini, baba! Ukitaka kulipa, nenda kale hotelini!" Hakunijibu kama mzazi, na laiti angenichapa kofi ningejua la kufanya, aliinamisha kichwa kidogo, mikono nyuma, akasema, "Samahani sana, mama. Haitajirudia."

Na haikujirudia, hakukanyaga tena kwangu. Mimi nilikuwa nasubiri aje anieleze, kwa kuwa yeye ndiye aliyekosea, na yeye, kama ninavyoelewa leo, alikuwa amesimama kando ya ukuta wake anasubiri nimwite, na tukasubiriana hivyo miaka kumi na miwili na nusu. Nilipita chini ya dirisha lile nikienda sokoni, si mara moja wala mbili, nikaona shati jeupe limeanikwa, nikajiambia kama ananihitaji atashuka. Wadogo zangu walikuwa wanamtumia matumizi na salamu, nami nikajidanganya kwamba hilo linatosha, huku roho ikiniuma kila nilipopanga sahani mezani.

Baba alianza kuugua figo mwaka 2020, na hakumwambia mtu. Jumatatu, tarehe 17 Januari 2022, mwenye duka la rangi alimkuta ameanguka kwenye ngazi, akampeleka hospitali, akalazwa wodi ya wanaume, kitanda namba tisa. Juu ya kitanda kile kuna kengele, na wauguzi wameniambia kwamba kwa siku nne za mwanzo hakuibonyeza hata mara moja, si kwa maji, si kwa maumivu, na alipoulizwa alisema anawaona wako kazini, hapendi kuwakatiza.

Jumamosi, tarehe 22, saa tatu asubuhi, niliingia wodini, nikamkuta amekonda mpaka sikumtambua kwa uso, nikamtambua kwa shuka, kwa jinsi alivyokuwa ameukunja ukingo wake kama kitambaa cha meza. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Nani amekuita?" Nikamjibu, "Sijaitwa na mtu, baba. Nimekuja tu." Sijapata kuuona uso wa baba ukiwa vile, si siku aliyorudi na masanduku, si siku ya harusi yangu, akamgeukia mgonjwa wa kitanda namba kumi akamwambia, "Huyu ni binti yangu, amekuja mwenyewe, hakuitwa," na daktari alipopita akamwambia hivyohivyo, na aliyekuja kufagia naye akaambiwa. Kwa siku tano nilimlisha kwa kijiko, akakubali kulishwa, na zile noti hatukuzitaja, mimi kwa aibu, yeye nadhani kwa adabu zake.

Alifariki Alhamisi, tarehe 27 Januari 2022, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, miezi kumi na siku kumi na sita, ameacha watoto watatu na wajukuu sita.

Karatasi ya shangazi inaishia hapo, lakini juzi Jumamosi alikuja msibani mpishi aliyefanya kazi na marehemu miaka mingi, yule pale mwenye bakora, akanivuta pembeni kunipa pole. Aliniambia kwamba baba, katika maisha yake yote ya kuhudumia watu kwenye nchi nne, hakuwahi kuketi mezani akahudumiwa, hata mama alikuwa akimpelekea sahani akala amesimama, na kwamba Jumapili moja alimwendea jioni akiwa na tai shingoni, akamwambia leo nimekaa, nimehudumiwa, na mtoto wangu mwenyewe, na huduma ile sijaiona popote. Akamwambia pia kwamba alitaka kunishukuru kwa namna anayoijua, lakini ameniudhi, na hajui ameniudhi wapi. Nimeyasikia hayo siku mbili baada ya kufa kwake, na nayasema hapa kwa sauti ili mtu asije kusema baba yetu hakuwa na mapenzi na watoto wake, alikuwa nayo, tulishindwa kuyasoma.

Familia inamshukuru daktari wa figo na wenzake wote, mwenye duka la rangi aliyembeba baba mgongoni hadi kwenye teksi, majirani waliopika na kukesha nasi, na wahudumu wenzake waliokuja leo na mashati meupe, nanyi nawaomba mje mkae, viti hivi ni vyenu. Wa mwisho ni muuguzi wa zamu ya mchana, yuko hapa kati yetu, ambaye hakungoja kengele ya kitanda namba tisa, alikwenda mwenyewe kila baada ya nusu saa, na ambaye Ijumaa, tarehe 21 Januari, alitafuta namba yangu kwenye simu ya mgonjwa, akanipigia, akaniambia, "Dada, mzee wako hana mtu, njoo." Ndiyo, ndugu zangu, niliitwa, na bila simu ile nisingekwenda.

Baba, nilikudanganya, ukafa unawasimulia watu uongo wangu kwa furaha, na sina pa kwenda kuusahihisha isipokuwa hapa. Pumzika kwa amani.