Matanga ya Carmela Robledo

Pirogi ya kwenda Lubunga ilikuwa katikati ya mto, na Emilie, beseni la samaki magotini, alikuwa amebanwa kati ya watu wawili wasiojuana. Mama wa kushoto alivaa nguo nyeusi za msiba. Papa mmoja, mwanamume aliyekaa kulia, akamuuliza mama nani amekufa.

"Carmela Robledo, ule actrice wa filamu za Espagne. Redio ilisema jana. Leo tunafanya matanga kwetu."

"Mama, ule alikufa zamani! Mu filamu, ya ugonjwa wa kifua, bwana yake anamushika mukono. Quartier yetu, majirani yote, ililia, tukalala inje kama ku matanga."

"Ile ilikuwa filamu, papa. Alianza akiwa binti, akazeeka mbele yetu. Sasa amekufa kweli."

"Na machozi yetu, donc, ilikuwa ya uongo?"

Emilie, ambaye hakuwahi kuona filamu hata moja ya marehemu, aliona swali hilo ni zito, akasogeza beseni ili mama ajibu vizuri. Mama alifuta macho, akamwalika papa matangani.

Pirogi ikagusa mchanga. Papa alishuka kwanza, akampa mama mkono.

"Bon, nitakuja. Lakini akifufuka tena mu filamu ingine, usiniite mara ya tatu."