Marehemu Kadenge Kiti, Aliyekiri Siku ya Kwanza

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani zetu mliotoka Kibokoni, jamaa wa Kaloleni, na nyinyi wageni wa viti vya mbele mliokuja na magari ya serikali, hamjambo nyote. Mimi ni Elvis, mdogo wake Mirriam, mjane wa marehemu, kwa hiyo ni shemeji yake, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake kabla hatujaanza safari ya kwenda kumzika, ikaniomba nisome kwa upole, nami nimeahidi kujaribu.

Kadenge Kiti alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Kaloleni, mtoto wa tatu wa Mzee Kiti Dzoro na Mama Mbodze, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kaloleni kuanzia 1978 hadi 1985, akamaliza sekondari mwaka 1989, na walimu walimsifu sana kwa insha, maana aliwahi kuandika safari ya London darasa zima likanyamaza kumsikiliza, na wakati huo alikuwa hajafika hata Mariakani. Mwaka 1991 alivuka Makupa akaingia kisiwani kusomea uandishi wa habari, akahitimu 1993, akaandikia gazeti moja dogo lililokuwa na ofisi yake Mbaraki mpaka gazeti hilo lilipokufa mwaka 2009, kisha akabangaiza huku na huku, hadi tarehe 3 Februari 2014 alipoajiriwa na Mamlaka ya Visima na Mabomba kuwa afisa wa habari.

Alifunga ndoa na dada yangu Mirriam tarehe 18 Desemba 1999, katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, Stacy aliyezaliwa 2001 na Kiti aliyezaliwa 2005, na maisha yao yote ya ndoa waliishi Kibokoni, ghorofani kwa Bi Fadhiya, ambaye ameketi pale pembeni mwa jeneza kwa sababu dada yangu amekataa akae mahali pengine popote.

Kazi ya marehemu ilikuwa kutuambia kwamba mambo ni mazuri. Mifereji ikikauka aliandika kwamba huduma inaboreshwa, maji yakitoka na rangi ya chai aliandika kwamba bomba linasafishwa, na aliandika vizuri, sifa hiyo siwezi kumnyima. Tarehe 21 Novemba 2022, watu walipoanza kuendesha na kutapika katika mitaa ya Mji wa Kale, wakubwa wake walimwagiza atangaze kwamba maji ni salama kwa kunywa, nao tayari walikuwa na ripoti inayosema maji ya choo yameingia katika bomba la Kibokoni, lakini yeye hawakumwonyesha, naye hakuuliza, akatangaza. Bi Fadhiya alikuwa ameanza kuchemsha maji, akaacha, kwa kuwa mpangaji wake ni mtu wa Mamlaka na mtu wa Mamlaka amesema hakuna haja.

Jannat, mjukuu wa Bi Fadhiya, mtoto wa miaka sita, alifariki kwa kipindupindu siku ya Ijumaa tarehe 2 Desemba 2022, akazikwa siku hiyo hiyo kabla ya magharibi, na marehemu alifuata jeneza mpaka makaburini, akarudi, hakula.

Jumatatu iliyofuata aliingia ofisini, akaitafuta ripoti ile mpaka akaipata, akaitoa nakala, akazibandika kwa gundi juu ya kila baraza kuanzia Kibokoni mpaka karibu na Ngome ya Yesu, mchana kweupe, akiwasalimu wapita njia, na chini ya kila nakala aliandika kwa mkono wake: Mimi Kadenge Kiti ndimi niliyesema maji haya ni salama, na ndimi ninayesema si salama, msiyanywe. Akatia saini, akaweka na nambari yake ya simu.

Ndugu waombolezaji, mngedhani baada ya hapo wangechimba barabara wakabadilisha bomba. Iliundwa tume. Tume ya kuchunguza ni nani aliyetoa siri ya serikali. Ikapewa ukumbi wa hoteli, mawakili, madereva, wataalamu wa mwandiko kutoka Nairobi, na ziara ya mafunzo ng'ambo, na kwa kuwa vitu hivyo lazima vilipwe, fungu lililotengwa kwa bomba la Kibokoni likahamishiwa huko.

Kikao cha kwanza kilikuwa tarehe 23 Januari 2023, na marehemu alikuwa shahidi wa kwanza, akasimama akawaambia, ni mimi, hii ni saini yangu, nifukuzeni au nifungeni, lakini fungeni tume hii leo mkatengeneze bomba. Walimshukuru wakamwambia akae. Walisema hakuna mtu mwenye akili timamu anayetoa siri akaweka jina lake, kwa hiyo nyuma yake lazima kuna mkubwa aliyemtuma. Alirudi akakiri tena mwezi wa Juni, akakiri tena mwaka uliofuata, mara zote wakaandika kwamba shahidi hatoi ushirikiano. Mshahara wake ukasimamishwa, na uchunguzi ukaendelea kumtafuta mtu aliyekuwa amekaa mbele yao amevaa shati lililonyooshwa na mke wake.

Mwezi wa Mei mwaka 2024 mwenyekiti alimwita kando. Alimtajia mheshimiwa mmoja wa upande wa pili wa siasa, ambaye marehemu hajawahi hata kumpa mkono, akamwambia, sema ni huyu, tutafunga kesho, na wiki ijayo mafundi watakuwa Kibokoni.

Jioni ile nyumba ilijaa. Dada yangu alilia, vijana wa mtaa walimwambia ataje mtu, wanasiasa wote ni wamoja, na Bi Fadhiya alipanda ngazi na magoti yake mabovu akamwambia, "Baba Stacy, mwanangu, wape hilo jina walitakalo sisi tupate maji, dhambi yake nitaibeba mie." Naye akamjibu, "Bi Fadhiya, nilisema uongo mmoja, Jannat akafa. Huu wa pili sijui utamuua nani." Hakutaja jina. Bomba halikutengenezwa. Wako walioacha kumsalimu tangu siku ile, na wengine nawaona humu ndani, karibuni.

Marehemu alianza kusumbuliwa na presha mwishoni mwa mwaka 2024, akapata kiharusi tarehe 6 Agosti 2025, akalazwa hospitali hapa kisiwani, akafariki Jumatatu tarehe 11 Agosti 2025. Siku mbili baadaye aliletewa wito wa kufika mbele ya tume Jumanne ijayo. Nyinyi wa viti vya mbele, mtu wenu ndiye huyu hapa, kabla jeneza halijafungwa piteni mwangalie vizuri kama nyuma yake kuna mtu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakulala kwa ajili yake. Nawashukuru majirani wa Kibokoni, na zaidi Bi Fadhiya, ambaye tangu mshahara ukatwe hajagonga mlango kudai kodi, na ambaye angeweza kumchukia akaamua kumpikia. Nawashukuru wafanyakazi wenzake waliokuja kwa siri, nimewaona, sitawataja. Na naishukuru Mamlaka kwa shada la maua na kwa makatoni ya maji ya chupa yaliyopangwa pale mlangoni, ambayo ndiyo maji safi ya kwanza kutuletea tangu Jannat afariki.

Pumzika kwa amani, shemeji. Sisi tukishakuzika tunarudi Kibokoni, kununua maji ya mkokoteni.