Nyati Aliyemnywesha Mjukuu Wangu

Bwana asifiwe, wapendwa. Mnaoitikia kwa mdomo mdogo nawaona.

Mimi ni Bibi Naomi. Shule niliishia darasa la tatu, lakini wajukuu wangu wote wamenenepa mkononi mwangu. Ndiyo maana mwanangu Gabrieli alinileta Landani, nimlelee kichanga chake Naomi, aliyepewa jina langu.

Ndugu zangu, Ibilisi hapigi hodi. Rehema, mkwe wangu, alianguka jikoni, akakimbizwa hospitali, akapasuliwa tumbo, na kwa dawa alizopewa akakatazwa kunyonyesha. Naomi alikuwa hajui chupa. Nikampa, akaitema. Nikampa kwa kijiko, akafumba mdomo kama mlango wa benki. Alilia mpaka sauti ikakatika. Kesho yake hakulia tena, na hapo ndipo nilipoogopa. Nesi akasema kwenye simu, asipokunywa mchana huu mleteni, awekewe mpira puani.

Mara akagonga jirani yetu pale Neasden, Mama Bhavna, Mhindi mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Mimi simwamini mtu anayekuja bila kuitwa. Nikajiuliza, huyu katoka hekaluni kwao, anatafuta nini kwa mtoto mgonjwa?

Akamtazama Naomi, akasema, "Mama Gabrieli, huyu ni kama nyati wa mjomba wangu."

"Mjukuu wangu unamwita nyati?"

Wapendwa, mimi natoka Rukwa. Nyati ninayemjua mimi alimpandisha babu yangu mtini, akamsubiri chini mpaka jioni. Yule hakamuliwi.

Akatoa simu. Mnyama mweusi, si mkubwa, pembe zimepinda kama mundu, shingoni mistari miwili myeupe kama kavishwa mikufu. Kafungwa mlangoni kama mbuzi. Ati ni nyati wa Surti, wa kwao Gujarati, mfugo wa mtu mdogo: hataki shamba kubwa, anakula mabua ya kuletewa, na maziwa yake ni mazito kwa mafuta. Nikakodoa macho. Siku hizi picha zinapikwa. Nikamuuliza anauza nini.

Akacheka. "Siuzi kitu, dada. Nyati yule humjua anayemkamua. Mke wa mjomba akisafiri, maziwa hayashuki. Basi mjomba, na masharubu yake yale, anajifunga sari ya mkewe ndipo anakamua. Na wewe vaa nguo ya mama yake, ambayo haijafuliwa."

Kwetu, anayetaja nguo ya mtu isiyofuliwa ana lake jambo.

"Nguo hiyo hutaigusa," nikamwambia.

"Nani anataka kuigusa? Vaa wewe."

Nikaingia chumbani, nikafunga kwa ufunguo. Nikalishika gauni la Rehema la kulalia, nikalikemea kwa jina la Yesu, mbele na nyuma, mikono yote miwili mpaka kwenye pindo. Kisha nikasema, Bwana, kama ni mtego, nitoe. Kama ni wewe umemtuma, usiniache nikakufukuza. Nikalivaa. Lilinibana nikafanana na gunia la mkaa.

Nikampakata Naomi. Akanusa. Akageuza uso, akausukumiza kifuani kwangu. Nikaingiza chupa taratibu. Ndugu zangu, akanyonya! Alinyonya mpaka chupa ikabaki upepo. Nilipoinua macho, Mama Bhavna alikuwa analia kuliko mimi.

Rehema amerudi nyumbani, na Naomi sasa ana mashavu. Sifa ni za Mungu. Nyati mwenyewe bado simwamini, mpaka nimwone akikamuliwa mbele yangu. Lakini wewe uliyejifungia ndani na shida yako, kwa kuwa aliyekuja si wa kanisa lako, mtegemee Mungu ufungue. Kemea kwanza ukitaka, halafu fungua.

Mama Bhavna ni yule pale nyuma, mwenye shali ya kijani. Kaja kuhakikisha sitii chumvi. Mpeni mkono, na muwe na nafasi: akianza habari za nyati wake, hamuondoki leo.