Kabla Ndege ya Faki Haijapigwa Nyundo

Niambie wewe uliyejiegemeza hapo na kikombe mkononi: ndege ikishaanguka, ikavunjika bawa, ikamuua aliyeirusha, nani mwenye haki ya kusema haijafa? Swali hilo ndilo lililokuwa likichemka kijiweni asubuhi ile, mwaka wa kura ya mlolongo, ile ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, kwenye ile kona ya mji wa kale wa Malindi ambapo benchi la wazee limeegemea ukuta wa duka la vitambaa. Mbele ya benchi lilisimama lori la Njoroge. Nyuma ya lori, chini ya turubali lisilotosha, mkia wa ndege ndogo ulichungulia kama mguu uliosahauliwa nje ya sanda. Ilikuwa imeangukia mikoko ya Dabaso na kuvutwa matopeni kwa kamba. Rubani wake alikuwa Faki, kijana wa mtaa huohuo. Faki alishazikwa, ndege ilikuwa njiani kwenda Nairobi kufufuliwa.

Habari ya ufufuo ililetwa na Garama, kijana wa kijiji cha Marafa, ambaye benchi zima lilimwita Digrii, maana hiyo ndiyo mali pekee aliyorudi nayo kutoka chuo kikuu. Alikuwa ameomba kazi kila afisi yenye mlango, na kila mlango ulimkatalia kwa adabu, akabaki na ulimi mkali na suruali moja ya heshima. Inspekta wa serikali alipokwenda Dabaso kuikagua ndege, alimkamata Garama njiani amtafsirie kwa wenyeji waliokuwa wakiilinda. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, lakini Garama alikuwa bado anaifanya.

— Sheria haina machozi, alisema. Inspekta yuwauliza: kile kibati chenye namba ya ndege kipo? Mhimili wa bawa wanyosheka? Kuna karakana yenye kibali itakayoirudisha vile ilivyochorwa kiwandani? Akijibiwa ndiyo, ndiyo, ndiyo, anatia sahihi. Then she is airworthy, yafaa kuruka. Kisheria ni ndege ileile. Haikuwahi kufa.

Mzee Msellem alikiweka kikombe chini. Alikuwa ameunda vyombo vya bahari ujana wake wote, na kwa jina la kijiweni aliitwa Mkuku, kwa ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima. Aliwaeleza, kama alivyokwisha kuwaeleza mara nyingi, kwamba roho ya chombo imo mkukuni. Mbao zote waweza kuzibadilisha, na jina likabaki. Lakini mkuku ukikatika, chombo kimekufa. Utaunda kingine kwa mbao zake ukitaka, ila ukikipa jina la kwanza hupati baharia wa kukipanda.

— Sasa hii ndege yenu, aliuliza, ina mkuku?

— Haina, babu.

— Basi wamejuaje kuwa i hai? Kwa kibati? Kibati ni hirizi tu, mwanangu.

Njoroge, ambaye walimwita Kontena kwa upana wa mabega, hakuona ajabu. Kwao madereva, malori ni hivyohivyo, namba ya chesisi ikiwepo gari lipo. Alisema pale Mariakani amewahi kuona lori lililoungwa kwa maiti ya malori matatu, linabeba saruji na halidaiwi kitu na askari yeyote. Simeon, mpishi wa hoteli ya ufukweni, aliyepewa jina la Redio kwa kusema bila kuzimwa, akamzidi. Wageni wake walimwambia kwamba huko Ulaya mtu aweza kuokota kibati peke yake kichakani, akaijenga ndege nzima nyuma yake, pua hadi mkia, na serikali ikaikaribisha kama mzazi aliyerudi kutoka safari.

— Kwa hivyo mimi, alisema Njoroge, kitambulisho cha marehemu baba ninacho. Naweza kuomba nijengewe baba?

— Ukipata karakana yenye kibali, alimjibu Garama.

Walicheka, ila si sana. Mkia ulikuwa palepale. Simeon aliona afadhali awafariji kwa methali, akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

— Koleo halikumuua mhunzi, alijibu Msellem.

Simeon akasema alichokuwa amekishika tangu mwanzo. Mezani hotelini mwenye ndege alikuwa akiwaambia watu kwamba injini haikuwa na neno. Kijana ndiye aliyejigamba hewani. Njoroge akaguna kwamba chombo cha kuzama hakina usukani, kwa hiyo Faki asingeweza kulaumiwa, usukani ungalikuwa wapi? Hakuna aliyejishughulisha kumsahihisha. Garama naye alikuwa ameshairudia habari ya kibati, anaeleza tofauti ya kutengeneza na kuunda upya, kwa Kiingereza kirefu ambacho hata yeye mwenyewe alikuwa hajapata nafasi ya kukisema tangu atoke chuoni.

Ndipo muuza kahawa alipoacha kugonga vikombe.

Wanawake wawili walikuwa wakishuka njia. Mmoja alikuwa Bi Fatu, mama yake Faki. Wa pili, aliyejifunika buibui mpaka macho, alikuwa Mahfudha, mjane wake. Mahfudha alikuwa edani. Mwanamke wa eda hatoki nyumbani ila kwa dharura, na katika umri wake wote Garama hakuwahi kusikia dharura iliyomleta mjane mbele ya benchi la wanaume. Msellem alisimama, akayashusha macho.

— Shikamoo, babu, alisema Mahfudha.

— Marahaba, mwanangu. Kuna udhuru wa kutoka?

— Upo. Umo ndani ya hilo lori.

Hawakujua waangalie wapi, wakaangalia chini. Alizungumza polepole, bila kulia. Aliwaambia kwamba siku moja kabla ya kufa, Faki alirudi akasema injini inakohoa kama mtu wa kifua. Alikuwa amemweleza bosi wake. Bosi alimjibu apeleke mizigo ya Lamu kwanza, akirudi wataitazama.

— Leo wasema kosa ni lake, alisema. Mimi sina shahidi ila hiyo injini. Ikifika huko itafunguliwa, ioshwe, ibadilishwe vyuma, ipakwe rangi. Shahidi wangu atarudi hapa anang'aa, hakumbuki kitu. Kaka Garama, wewe umesoma, na ulikuwapo. Katika hiyo sheria yote uliyoitafsiri, kuna mahali iliuliza ndege ilianguka kwa nini?

Garama alifungua mdomo.

— Well, that would be a different depart...

Hiyo idara nyingine, ya kuchunguza ajali, aliijua. Watu wake walikuja siku ya ajali, wakasimama pwani kwa sababu matope yalikuwa mengi kwa viatu vyao, wakaitazama ndege kutoka mbali, wakarudi mjini kwa gari la mwenye ndege. Kisha likatoka neno kwamba rubani alikosea. Yeye alikuwa amezitafsiri habari za kibati, za mhimili na za karakana, amejisikia mtu tena kwa asubuhi moja, na hakuona kwamba katika maswali yote yale hakuna lililomhusu Faki.

Msellem aliitazama mikono yake iliyounda vyombo. Kahawa ikapoa vikombeni.

Aliyeinuka alikuwa Njoroge. Alipanda lori, akashuka na ufunguo, akamkabidhi Bi Fatu kwa mikono miwili.

— Mama, shika. Mimi niliambiwa nibebe ndege. Hakuna mtu aliniambia nabeba ushahidi.

Bi Fatu akaufunga ufunguo kwenye pindo la leso, akaketi juu ya kizingiti cha duka, mkabala na gurudumu la mbele.

Haikupita muda, Land Rover ya kampuni ya mwenye ndege ikapinda kona. Meneja aliteremka akiangalia saa, na nyuma yake yule inspekta, ambaye alimtambua Garama akatabasamu kama mtu aliyemwona mkalimani wake. Meneja akauliza mbona gari halijaondoka. Inspekta naye akaanza kwa Kiingereza, akimwomba Garama awaeleze hawa watu.

Garama alisimama katikati yao na lori. Safari hii alisema kwa lugha ya Mahfudha.

— Leo sitafsiri, bwana. Gari haliendi. Mleteni fundi asiyekula mkononi mwa kampuni, aifungue injini hii hapahapa, mchana huu, mbele ya mama yake Faki na mkewe. Atuambie ndege ilianguka kwa nini, na kama aliyeirusha alionya, mlitaje jina la aliyemjibu aende. Mkishatupa hayo, ndipo mje na nyundo zenu mtuulize kama inajengeka.