Bi Mwanakhamis wa Jezi za Vitobo

Assalaam aleikum, na kwa wasio Waislamu, habari za jioni. Nawasalimu nyote mliofika ukumbini hapa Perry Barr. Namsalimu Mwenyekiti wa Chama cha Mpira cha Saint Bride na wenzake waliopanda ndege kutoka kisiwani huko Karibi. Namsalimu meneja wa timu, Bwana Eustace, pamoja na goti lake, Mungu alipoze. Nawasalimu wachezaji, wa zamani na wa sasa, wenye vitambi na ambao bado. Namsalimu Inderpal, mwenye duka la kufulia nguo, maana bila yeye leo tusingekuwa hapa. Nawasalimu wa nyumbani kwa Bi Mwanakhamis, Hodge Hill: mumewe Mzee Hafidh, binti yao Asmahan, na wajukuu wote watatu, hata yule mdogo aliyenitapikia begani Idi iliyopita. Namsalimu mwanangu Haroun, nahodha wenu. Haroun, umekula?

Mimi ni Zuleha, mama yake huyo, msaidizi wa Bi Mwanakhamis kwa miaka kumi sasa. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona maneno yamepinda yanyoosheni wenyewe. Nimeandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha dukani na kituo cha basi, mambo ya moyoni hakiyafikii. Asmahan atawasomea kwa Kiingereza. Asmahan mwanangu, soma pole pole, na usiruke kitu.

Bi Mwanakhamis Makungu anastaafu leo, tarehe 29 Juni 2025, baada ya kuitumikia timu ya taifa ya Saint Bride miaka ishirini na mmoja na miezi minane. Kazi yake ni kutunza jezi. Kafua, kanyoosha, kashona, kafungasha, kahesabu, kisha kaanza tena.

Wageni huuliza mbona jezi za kisiwa cha Karibi ziwe kwenye nyumba ya mama wa Kipemba, Birmingham. Jibu si gumu. Saint Bride ni kisiwa kidogo, watu wake hawajazi hata jukwaa moja la uwanja wa Alexander hapa jirani. Wengi walihamia huku zamani, wakazaa, na watoto wao ndio wanaocheza. Huyu anatoka Wolverhampton, huyu Coventry, huyu mtaa wa pili. Wachezaji wako huku, basi na jezi zikakaa huku.

Mwaka 2003 Bi Mwanakhamis alikuwa akifanya kazi kwenye duka la Inderpal. Akaingia Bwana Eustace na mifuko mitatu ya jezi zilizojaa tope, timu imetoka kufungwa saba. Alitaka ziingizwe kwenye mashine, maji ya moto. Bi Mwanakhamis alimwambia tope halitishwi kwa moto, linabembelezwa kwa baridi. Akaziroweka, akazipitishia sabuni ya mche moja moja kwa mkono, na kesho yake Bwana Eustace alifikiri amepewa jezi mpya za watu wengine. Hakurudi tena dukani. Alikwenda moja kwa moja Hodge Hill kubisha hodi.

Tangu hapo chumba cha nyuma cha nyumba ile ndiyo ofisi. Mzee Hafidh alikuwa na kiti chake mle cha kusomea gazeti. Kiti kikaenda ukumbini, kisha kikaenda kwenye ngazi, na sasa mzee anasomea jikoni wala halalamiki, au akilalamika halalamiki kwa sauti.

Wachezaji mnamjua kwa neno moja: pindua. Anayevua jezi ikabaki ndani nje, atarudishwa hata kama yuko bafuni na povu kichwani, aje aipindue mwenyewe. Mlilishika neno mpaka mkalipeleka uwanjani. Siku hizi mtu akitaka mpira uhamishwe upande wa pili anapiga kelele, "Pindua!" Timu za watu zinageuka geuka zinatafuta maana yake. Nadhani sisi ndiyo timu pekee ya Karibi inayoshambulia kwa Kiswahili.

Soksi anazihesabu kwa tasbihi. Unene wa mchezaji anaujua kabla ya kocha, kwa kuangalia mshono wa kwapa. Na tukifungwa tisa au tukitoka sare, ufuaji wake ni ule ule. Nilimwuliza kwa nini anahangaika na jezi za waliofungwa tisa. Akaniambia jezi haikufungwa, waliofungwa ni wao.

Sasa nafika kwenye habari mnayoipenda. Kila sherehe Bwana Eustace huinuka akasimulia siku Bi Mwanakhamis alipochoma jezi, na ukumbi mzima hucheka, na Bi Mwanakhamis hucheka pamoja nanyi. Najua leo pia ameiweka mfukoni. Bwana Eustace, naomba uniachie leo niisimulie mimi, kwa sababu mimi nilikuwepo na wewe hukuwepo.

Ilikuwa Oktoba 2016. Timu ilikuwa inaondoka kesho yake kwenda kucheza nyumbani, Saint Bride, dhidi ya timu ya kisiwa kikubwa jirani. Haroun alikuwa na miaka ishirini na mmoja, ni kipa, ameitwa mara ya kwanza kwa sababu bibi yake mzaa baba alizaliwa kule. Baba yake alikwisha kufariki. Nilikuwa na mtoto mmoja na ndege moja, na wasiwasi wa kutosha ndege mbili.

Na Bi Mwanakhamis naye alikuwa aende. Chama kilikuwa kimempa kiti, baada ya miaka kumi na tatu ya kufunga mabegi ya safari za wengine. Alinunua viatu vya mchanga. Alimwuliza Bwana Eustace kama kule kuna minazi, na alipoambiwa ipo alitulia kama mtu aliyepata jibu la mtihani.

Mchana ule jezi zote zilikuwa zimenyooshwa, zinaning'inia chumbani. Bi Mwanakhamis alitoka kwenda Perry Barr kuchukua mabegi. Nikabaki peke yangu na jezi ya mwanangu, namba moja, ya njano. Kwetu mtu hatoki kwenda kwenye jambo kubwa bila nguo yake kufukizwa udi. Arusi, Idi, safari, nguo inapita juu ya moshi kwanza. Nikaona mtoto anakwenda mbali, hamjui mtu, angalau akivaa anuse kwao. Bi Mwanakhamis alikuwa ameshaniambia zaidi ya mara moja kwamba kitambaa cha jezi ni nailoni, hakipatani na makaa. Nilimsikia. Nikachukua chetezo chake, nikatia makaa, nikatia udi, nikakiweka chini ya jezi.

Ndiyo, mimi. Asmahan, nakuona umeacha kusoma. Endelea mwanangu, mama yako anajua.

Simu ikalia. Alikuwa Haroun, haioni pasipoti yake. Nikatoka kwenda ukumbini kumwelekeza droo, na kwa vile ni mimi, nikamwuliza na soksi nzito, na dawa ya tumbo. Niliporudi king'ora cha moshi kinapiga kelele, makaa yamepasuka, cheche zimeruka. Jezi sita zilikuwa na matundu, kumi na saba kwa jumla, kila moja kama dengu. Ya kipa peke yake ilikuwa na saba, kifuani, kuzunguka nembo. Na jezi ya kipa ilikuwa hiyo moja tu. Nyingine haikuwepo Uingereza wala Karibi.

Bi Mwanakhamis akaingia. Alifungua dirisha. Akazipitia jezi zote, akaniangalia mimi nilivyokaa chini nalia, akaenda kuleta kikapu chake cha ushonaji. Marehemu mama yake alikuwa akishona kofia kule Wete, zile za vitobo, ambazo kitambaa kinatobolewa makusudi na kila kitobo kinazungushiwa uzi mpaka kinakuwa ua. Akasema matundu tayari tunayo, kazi nusu imekwisha. Tukashona tangu adhuhuri mpaka karibu na magharibi, yeye vitobo kumi na vitatu, mimi vinne vya kupinda.

Bwana Eustace alikuja kuchukua mabegi, akazikunjua. Hasira yake ilikuwa ya haki, nisimsingizie. Zilikuwa jezi za taifa la watu. Aliuliza ni nani aliyewasha moto karibu na nguo hizi. Nikafungua mdomo. Bi Mwanakhamis akatangulia.

"Ni mimi," alisema. "Chumba changu, chetezo changu."

Bwana Eustace akamwambia basi hatasafiri. Kiti akapewa mtu mwingine. Bi Mwanakhamis alimsaidia kubeba mabegi mpaka kwenye gari, akamkumbusha kwamba begi la bluu zipu yake mbovu.

Gari ilipoondoka nilitaka kukimbia nyuma yake. Akanishika mkono. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu nimekaa nayo karibu miaka tisa.

"Zuleha, mtoto ndiyo kwanza anaingia. Wakijua ni mama yake aliyechoma jezi, hilo litamfuata kila akifungwa goli. Mwache aende akadake. Nikiwa kazini, usiseme."

Nikaapa. Haroun akaenda, akadaka, ikawa sare tasa, pointi ya kwanza ya Saint Bride kwa miaka mingi. Wenzake wakasema ni vile vitobo. Waliporudi wakaomba jezi zote zitiwe, saba kila moja, kuzunguka nembo, na mpaka leo ndivyo zinavyokuwa. Mmewaonyesha watoto wenu. Mmevaa kwenye picha. Aibu yangu mmeivaa kifuani kama pambo, na sifa ya kuchoma akabaki nayo yeye.

Na kisiwa hakukiona. Safari iliyofuata viti havikutosha. Kisha ukaja ugonjwa uliofunga dunia nzima. Kisha Mzee Hafidh akaugua, mkewe akamwuguza miaka miwili. Kisha macho yake mwenyewe yakaanza kulikataa tundu la sindano, ndiyo maana anastaafu. Viatu vya mchanga mpaka jana vilikuwa kwenye boksi lake, chini ya meza ya kupigia pasi. Kila nikifagia nilivisogeza, kila nikivisogeza niliumia. Mara mbili nimemwomba aniruhusu niseme. Mara zote mbili alinikumbusha kwamba bado yuko kazini.

Leo hayuko kazini. Saa nane mchana huu alinikabidhi ufunguo wa chumba, akaniambia nisiwaache mashetani hawa wavue bila kupindua. Kazi yake imekwisha na kiapo changu kimekwisha. Bwana Eustace, habari unayo sasa. Haikuwa yeye. Haroun nilimwambia leo leo, mara tu nilipopewa ufunguo. Akaniuliza kwa Kiingereza chake, Mama, na yeye alikubali tu? Nikamwambia hakukubali tu, yeye ndiye aliyeamua. Akaondoka kwenda kumbusu mkono. Bi Mwanakhamis alidhani anaumwa.

Basi nageuka sasa nizungumze nawe mwenyewe, Bi Mwanakhamis, maana najua umeshaanza kufunika uso na mtandio.

Tunakushukuru. Kwa kila tope ulilolibembeleza. Kwa kila soksi iliyopita kwenye tasbihi. Kwa vijana uliowavisha wakiwa wembamba, ukawatanulia mishono bila kumwambia kocha. Mwenyezi Mungu akupe macho ya kutosha kuwaona wajukuu wakikua, na umrudishie Mzee Hafidh chumba chake, kiti kimechoka kuhamahama. Mimi peke yangu nakuomba radhi. Si kwa jezi, jezi tulizishona. Kwa kiti cha ndege.

Na hapo ndipo nina neno. Septemba timu inacheza nyumbani, Saint Bride. Chama kimetoa nafasi moja ya jamaa kwa kila mchezaji, na ya Haroun niliandikiwa mimi. Ni kweli natamani kumwona mwanangu akidaka kwenye kisiwa cha bibi yake, nisikudanganye, nimeiota. Lakini kiti hicho ni chako tangu 2016, mimi nilikuwa nimekikalia. Haroun ameshakubali. Jina bado halijabadilishwa, linatakiwa kwa Bwana Eustace kabla ya Ijumaa.

Usije ukanijibu kwamba mimi ndiye mama. Aliyemzaa ni mimi, na aliyemwachia njia siku ile ni wewe. Usije ukanijibu pia kwamba utafikiri, nakujua unavyofikiri, utafikiri mpaka ndege irudi. Viatu nimevipangusa jana, viko mlangoni kwako. Jezi ya njano nitaifunga mimi, na chetezo nitakitia kabatini, ufunguo nimpe Asmahan.

Nenda ukaione minazi. Ila niletee jibu upesi, hata leo, hata kwa kutikisa kichwa kutoka hapo ulipokaa. Nakuangalia.

Mdogo wako,
Zuleha, mama Haroun
Hodge Hill, Birmingham