Spika Iliyommeza Babu

Kwenye benchi la nje kwa Kinyozi, birika la kahawa lilikuwa limeshazunguka, na Fundi Besi alitamani ardhi ipasuke immeze. Jana, kwenye harusi ya mpwa wake, muziki ulilia vizuri tu. Baba yake mzazi aliposhika maiki kumuaga mjukuu wake huyo, Besi akataka sauti ya mzee itoke safi, akawasha kidude kipya alichokigundisha kwenye karatasi ya spika. Spika ikanguruma mpaka sahani zikatetemeka. Alipofanikiwa kuizima, mzee alikuwa ameshamaliza kusema na kuketi.

— Ule ni umeme, alisema Kinyozi. Umeme wa mtaa huu una kisirani.

— Umeme gani! alidakia Profesa, dereva mstaafu. Ni simu za upande wa bwana harusi. Zinavuta mawimbi.

— Mbona yangu haikuvuta?

— Yako hata kupiga haipigi.

Wakacheka. Besi hakucheka.

— Kwani Fundi, hicho kidude kinafanya nini? aliuliza Kinyozi.

— Kinaichunga karatasi ya spika inavyocheza. Ikipitiliza, kinaiambia amplifaya iirudishe. Sauti haikwaruzi.

— Basi kimeona wivu! Mzee alikuwa anaongea vizuri kuliko spika.

— Mimi nasema satelaiti, akasema Profesa. Ilipita juu ya hema, ikadhani inaitwa.

Besi alijua. Asubuhi ya harusi alizichomoa nyaya za kidude azifiche, wageni wasizione, akazirudisha kinyume. Amplifaya ikawa inaisukuma karatasi pale ilipotakiwa kuizuia. Wala hakujaribu tena, kwa kujiamini kwake. Lakini akawaacha wailaumu satelaiti.

Mara bi harusi mwenyewe akatokea, nywele zikiwa bado na msuko wa jana. Wakamsogezea nafasi, hakukaa.

— Shikamooni. Mjomba, babu alisema nini jana?

Kinyozi akamtazama Profesa. Profesa akachungulia kikombe.

— Hukumwuliza mwenyewe? Besi alisema.

— Nimemwuliza. Anasema ameshasema, harudii. Mimi niliona midomo tu. Alikuwa analia, Mjomba. Sijawahi kumwona babu analia. Nyie mlikaa mbele, nikajua mmesikia.

Besi akaweka kikombe chini.

— Ni nyaya, mwanangu. Nilizigeuza mimi.

— Sawa, Mjomba. Lakini alisema nini?